Swichi Iliyomuua Ryoba

Ryoba alilala chali chini ya swichi ya taa ya sebuleni kwake, Nkende. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa imeungua. Alikuwa peku, na sakafu bado ilikuwa na maji ya deki. Juu yake taa iliwaka mchana kweupe, saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatano.

Inspekta Baltazar alimtazama, akashusha pumzi. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na uchovu wa miaka thelathini na mitano ulikuwa umemkaa magotini. Kituoni walisema anaweza kusinzia akiwa amesimama, akaamka na jina la mwizi. Maneno ya watu hayo, ingawa mara mbili ilitokea kweli.

Uani, vijana wa ukoo walikuwa wamefurika na mapanga yaliyonolewa hata yangemnyoa nzi akiwa angani. Walimtaka Nassib, fundi aliyefunga umeme katika nyumba hiyo. Nassib alikuwa ndani ya gari la polisi, pingu mikononi, vioo vimepandishwa.

"Afande, wametupa mpaka adhuhuri," alisema Koplo Rhoda. "Tusipokuwa na jibu, watamchukua wenyewe."

"Mlete kwa mlango wa nyuma."

Nassib aliingia, pingu zikilia mikononi.

"Hii swichi ya chuma uliifunga wewe?"

"Mimi, afande. Mwezi wa tatu. Nilipima kila kitu, nikaiacha salama."

"Salama? Na huyu aliyelala hapa?"

Nassib aliomba tesita yake, akaigusisha kwenye uso wa swichi. Kitaa chake kikawaka chekundu.

"Chuma chenyewe kina umeme," alinong'ona. "Hapa hapatakiwi kuwa na umeme hata kidogo."

Baltazar akaagiza meni swichi izimwe. Nassib akapima tena kuhakikisha, ndipo akafungua skrubu. Nyuma ya swichi, waya unaopanda kwenye taa ulikuwa umebanwa na ukingo wa chuma, ngozi yake imechubuka mpaka shaba inaonekana. Kwenye skrubu palikuwa na rangi mpya ya bluu.

"Nani alipaka rangi?"

"Mwenyewe, Jumamosi," alisema Bhoke, mjane wa marehemu, kutoka pembeni. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kilio. "Alifungua swichi apake vizuri, kisha akaikaza kwa nguvu zake zote. Yule mura, mume wangu, hakujua kukaza kitu polepole."

"Halafu?"

"Kila tukiwasha taa, breka inaanguka. Giza. Akampigia fundi."

"Nikamwambia msiiguse, nakuja Alhamisi," alidakia Nassib. "Nilikuwa kijijini Mbalibali, namalizia nyumba ya mwalimu."

"Lakini Jumapili jioni taa ikapona yenyewe," aliendelea Bhoke. "Swichi ilikuwa inatuchoma kidogo tu, kama siafu, nasi tumevaa ndala. Ryoba akacheka, akasema umeme nao ukikaa na Wakurya unapata adabu."

Baltazar alifumba macho. Rhoda alidhani amesinzia.

"Umeme haujiponyi," alisema. "Fundi, kwa nini breka iliacha kuanguka?"

Nassib alikodoa macho. "Afande! Umeme ukivuja kwenye chuma, waya wa ethi unaupeleka ardhini, na breka inaanguka. Hiyo ndiyo kazi yake. Kama breka imetulia na swichi haijafunguliwa, basi ethi haipo!"

Walizunguka nyuma ya nyumba. Waya wa kijani ulining'inia ukutani, umekatwa kwa pigo moja.

"Nilizika nondo ya shaba hapa, futi sita," alisema Nassib. "Na chumvi na mkaa, ili ardhi ipokee umeme vizuri."

Sasa hapakuwa na nondo. Palikuwa na kiraka cha samadi ya ng'ombe kilichosiribwa vizuri, mistari ya vidole vinne ikipinda kama upinde wa mvua. Pembeni, chembe za mkaa.

Baltazar aliinama, magoti yakalia. Mwizi wa shaba hasiribi shimo lake.

"Koplo, katika boma hili nani bado anasiriba?"

Rhoda alinyoosha kidole kwenye nyumba ndogo ya udongo, ukingoni mwa uwanja. "Mama wa marehemu peke yake. Afande, mwache aomboleze."

"Ningependa. Lakini adhuhuri haimwachi Nassib."

Waliingia na Nassib, wakamkuta Bibi Agustina ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyuma ya nyumba ya Ryoba, ni wewe uliyesiriba?"

"Ni mimi."

"Na kilichokuwa chini?"

"Nilikitupa chooni."

"Lini?"

"Jumapili. Walikuwa kanisani."

"Kwa nini, mama?"

Alimtazama. "Wewe kwenu wapi?"

"Bukoba."

"Huko Bukoba, ukikuta chuma kimezikwa ukutani kwa mwanao, na chumvi, na mkaa, unakiacha?"

Baltazar alichuchumaa karibu naye.

"Nimezika watoto wawili. Huyu ndiye aliyebaki," alisema Agustina. "Nyumba yake ikaingia giza, kila wakiwasha, giza. Nikajua wachawi wamemfikia. Nikaufuata ule waya wa kijani kama mtu anayefuata nyoka mpaka shimoni kwake. Nikaukata kwa panga. Nikachimba tangu kengele ya kwanza, na mgongo huu. Jioni taa ikawaka, haikuzima! Mwanangu, nani angeniambia nimekosea?"

Baltazar alimgeukia Nassib. "Ulimweleza mtu kazi ya ile nondo?"

"Marehemu tu. Mama alikuwa shambani. Sikurudi kumweleza."

Agustina aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo ile shaba ndiyo ilikuwa inamlinda?"

Akainuka kwa kushika ukuta, akatoka uani kabla Rhoda hajamzuia.

"Mwacheni fundi!" aliwapigia kelele vijana. "Mnamtafuta aliyemuua Ryoba? Ni mimi niliyemzaa. Njooni!"

Hakusogea hata mmoja. Yule wa mbele, aliyekuwa akitukana tangu asubuhi, alilificha panga nyuma ya mguu kama mtoto aliyekutwa na sukari. Bhoke akatoka mbio, akasimama mbele ya mama mkwe wake. Akavua kitenge alichojifunga mabegani, akamfunika.

Baltazar alimfungua Nassib pingu. Adhuhuri ilikuwa bado.

Rhoda alifungua fomu ya maelezo juu ya boneti ya gari, kalamu ikasimama hewani.

"Afande, kwenye kosa niandike nini?"

Baltazar aliitazama ile fomu. Safari hii hakufumba macho.

"Andika jina la mama," alisema. "Kwenye kosa paache wazi."