Chumba cha Mwisho Kina Mtu

Kila asubuhi, kabla kipaza sauti cha kituo hakijaanza kuita mabasi, msichana wa ofisi ya kuulizia vyumba alifuta kaunta kwa kitambaa chenye unyevu, akafuta ubao wa jana, akachukua chaki na kuanza kupiga simu. Alianza na nyumba za ufuko wa juu, akawa anashuka kufuata ziwa kama mtu anayetembea kwa miguu. Zilikuwa nyumba ndogo za wageni, za familia: kitanda, kifungua kinywa na maji ya ziwa dirishani, basi. Aliuliza chumba kipi kiko wazi, kipi kinatazama maji, kipi kina choo ndani, naye akaandika. Watu waliochoshwa na mji waliusoma ubao ule kupitia dirisha la kioo, wakachagua pa kwenda kupumzika.

Asubuhi hiyo simu ya nyumba ya ghubani iliita bila kupokelewa. Akapiga tena.

"Kata tu, dada," sauti ikasema mbele yake. "Hakuna wa kupokea. Mpokeaji ndiye huyu."

Aliinua macho. Nje ya dirisha alisimama kijana mrefu, shati limepauka kwa kufuliwa lakini limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Sauti ile aliijua kama anavyoijua kengele ya ofisi. Mwaka mzima aliisikia kila siku, naye alikuwa ameivisha uso wa mzee mnene mwenye mvi.

"Bwana Mayai?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nani?"

Aliona aibu, akaitazama chaki. Ikabidi aeleze kwamba hilo ndilo jina lake pale ofisini, kwa kuwa ni mwenyeji peke yake anayeuliza mgeni anapenda mayai yake vipi, hata kabla mgeni hajapanda basi.

"Basi tumelipana," kijana akasema. "Kwetu wewe unaitwa Mama Vyumba. Shangazi yangu anaamini una wajukuu."

Mwanamke wa dirisha la pili, mtangazaji wa mabasi ambaye kituo kizima kilimwita Mama Spika, aliangua kicheko huku kipaza sauti kikiwa wazi. Abiria wote ukumbini wakageuka.

Kijana alikuwa amekuja mjini kununua mashuka, naye hakujua maduka. Saa ya mapumziko Mama Vyumba alimpeleka duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Alivaa gauni la buluu la kazini na kitambaa cha kichwa chenye vidoti vyeupe, na njia nzima alitembea akiitazama miguu yake. Bwana Mayai naye akaitazama, akauliza miguu midogo namna ile inambebaje, au huwa anaazima ya mtu mwingine akiwa na safari ndefu. Mama Vyumba akacheka kwa mara ya kwanza.

Mle dukani kijana alichagua mashuka meupe. Kisha akamwuliza: kama chumba kingekuwa chake, yeye mwenyewe, angetundika pazia gani? Mama Vyumba aligusa kitambaa kimoja cha rangi ya majani machanga, akakiachia haraka.

"Hiki. Lakini hiki si cha wageni. Wageni hufutia mikono."

Bwana Mayai akasema ni kweli, akalipia mashuka yake.

Tangu hapo simu za asubuhi zikarefuka. Ubao ukishajaa, chaki ikishawekwa chini, bado alibaki na mkono wa simu sikioni. Kijana alimweleza nani amelala wapi, nani kakoroma, jinsi shangazi yake alivyogombana na jogoo. Siku nyingine alitoa simu nje ya dirisha ili Mama Vyumba asikilize mawimbi, naye akafumba macho katikati ya makelele ya mabasi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ziwa linakuita. Lini utakuja, mpenzi?"

Neno lile lilipita kama kawaida, kana kwamba limekuwapo siku zote. Msichana alijibu atakuja likizo yake ikifika, kisha akakaa siku nzima akiandika vyumba vya ufuko wa juu mahali pa ufuko wa chini.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo chumba cha mwisho kilipotoweka ubaoni. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote vya nyumba ile, kule mwisho wa ukumbi, na dirisha lake lilifunguka juu ya maji. Wateja walikiulizia. Alipopiga, Bwana Mayai alisema kina mtu. Wiki iliyofuata kina mtu. Mwezi uliofuata pia, naye alilisema taratibu, kama anayetabasamu.

Siku yake ya kwanza kazini bosi wake alikuwa amemfundisha jambo moja tu kwa ukali: mwenyeji akisema chumba kina mtu, huulizi ni nani. Watu huenda ziwani na siri zao, na wakala mwenye maswali hafiki mbali. Kwa hiyo hakuuliza. Lakini usiku alipojilaza, mtu wa chumba cha mwisho alilala naye.

Aliyemjibu alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mchangamfu aliyerudi kutoka ghubani na kupitia ofisini kutoa shukrani. Alisifu mayai, alisifu usafi, kisha akaegemea kaunta.

"Na mke wa yule mwenyeji ana bahati, mwanangu. Sikumwona, lakini mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi kidogo. Kandambili za kike mlangoni, ndogo hivi. Kioo kipya. Na asubuhi nilimwona mumewe kwa macho yangu anaingiza maua. Wanaume wa siku hizi wapo kama hao?"

Mama Vyumba alisema huenda wapo. Aliandika kitu ubaoni, na alipokisoma baadaye hakikuwa neno.

Kesho yake alipiga ghubani mwisho, baada ya nyumba nyingine zote.

"Chumba cha mwisho?"

"Kina mtu."

Akavuta pumzi, akavunja sheria ya kazi yake. "Mtu huyo atakaa mpaka lini?"

Upande wa pili mawimbi yalisikika, na mlango fulani ukafungwa. Bwana Mayai aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyembamba, haina mzaha.

"Akikubali, maisha yote."

Mkono wake ulikuwa umejaa unga wa chaki. Aliutazama.

"Sawa, kaka," akasema, akakata.

Tangu wajuane hakuwa amemwita kaka. Naye kijana, kule ghubani, alibaki ameshika simu, akilipima neno lile moja kama mtu aliyefungiwa mlango na jamaa yake mwenyewe. Alikuwa amemwomba uchumba, kwa namna pekee aliyoijua. Naye alikuwa amejibiwa. Alipiga mara mbili zaidi. Mara zote mbili alipokea Mama Spika, kwa maana msichana alikuwa amemwomba amsaidie kupokea simu za ofisi. Baada ya hapo hakupiga. Hakutaka kuwa mtu wa kumsumbua binti wa watu aliyekwisha kusema hapana kwa adabu.

Wateja bado walikuja dirishani wakiitaja nyumba ya ghubani, ile ya mayai. Mara ya kwanza msichana alifungua kinywa bila kujua atasema nini.

"Kumejaa," akasema.

Ilikuwa rahisi. Akasema tena kwa waliofuata, akawapeleka kwingine, kwa upole, na ramani. Msimu mzima nyumba ya ghubani ilijaa mdomoni mwake huku vyumba vyake vikikaa vitupu. Mama Spika alimtazama siku moja kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, wale watu wa ghubani umewajazia nini?"

Msichana aliendelea kuandika ubaoni. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha vidoti hakukivaa tena.

Mvua zilizoanza msimu huo huo zikakataa kuondoka. Ziwa likaanza kupanda. Kwanza ilikuwa habari ya kuchekesha: mgeni fulani kakuta samaki kwenye ngazi. Baadaye haikuchekesha. Alifuta ubaoni nyumba moja baada ya nyingine, na waliozimiliki walilia kwenye simu, watu wazima. Asubuhi moja dereva wa basi la ufukoni alisimama dirishani akinywa chai, akasema hata ile ya ghubani imekwisha. Veranda imeondoka. Wanahamisha vyombo.

Msichana aliinua simu. Namba ya ghubani haikuita kabisa.

Alimkabidhi Mama Spika chaki, akapanda basi lile lile.

Alifika jioni bado kuna mwanga. Kila alichokuwa amekiuza kwa watu miaka yote, bustani, ufuko, viti chini ya miti, kilikuwa maji, maji ya kijivu yaliyotulia kama hayana habari ya yalichokifanya. Miti ilisimama ndani yake hadi kiunoni. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo kuliko alivyoifikiria. Mwanamke mzee alikuwa anashuka njiani na beseni la vikombe kichwani. Msichana alimwamkia, akapokea beseni, akajitambulisha kuwa ni yule wa kuulizia vyumba.

Shangazi alimkagua toka juu hadi chini.

"Kumbe huna wajukuu," akasema. Hakutabasamu. "Ungekuja mapema. Pita, yuko ndani anaokoa magodoro. Mwambie aache. Hanisikii."

Alivua viatu, akaingia. Maji yalimfika kwenye vifundo, baridi. Aliusikia mlio wa mtu akiburuta kitu kizito kule mbele, lakini miguu ilimpeleka mwisho wa ukumbi. Alitaka kumwona mwanamke huyo, au nguo zake, apate kurudi mjini akiwa amemaliza.

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali, kimetandikwa shuka jeupe. Kioo kilikuwa ukutani. Dirishani mlining'inia pazia la rangi ya majani machanga, na upindo wake ulikuwa umenyonya maji na kuwa mweusi. Chini ya kitanda zilielea kandambili ndogo. Aliinama akaziokota. Zilikuwa bado zimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani.

Aliketi pale pale ukingoni mwa kitanda.

Bwana Mayai alimkuta hivyo. Suruali ilikuwa imekunjwa magotini, shati halijui pasi, na uso ulikuwa umezeeka mpaka ukakaribia ule wa mzee ambao msichana aliwahi kumvisha. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Utaharibu gauni," akasema.

"Nani alikaa humu?"

"Hakuna."

"Ulisema kina mtu."

"Ningesemaje? Ningekiuza?" Alitazama maji miguuni pake. "Uliuliza atakaa mpaka lini, nikakujibu. Ukasema sawa, kaka. Nilielewa. Shangazi alisema basi nikitoe kwa wageni, nikashindwa." Alishika fremu ya mlango. "Halafu na wageni wenyewe wakaacha kuja. Tungekuwa nao msimu ule tungepata pesa ya kujenga ukuta wa kuzuia maji mbele, mafundi walishakuja kupima. Lakini mvua imefukuza watu kila mahali. Simlaumu mtu."

Ukumbini kitu kilidondoka ndani ya maji, kikatulia. Msichana alizigeuza zile kandambili mkononi. Angeweza kunyamaza. Kijana alikwisha kumpa mvua iwe kisingizio, angeichukua na kuondoka nayo, na kijana asingejua kamwe. Angemsaidia hata kubeba magodoro.

"Si mvua," akasema.

Hakumtazama. Aliutazama upindo wa pazia.

"Walikuwa wanakuja. Kila siku walikuja dirishani wakawataja, na mimi ndiye niliyewaambia kumejaa. Mwalimu aliona viatu hivi akaniambia una mke, nami sikuuliza." Sauti ilikatika, akaivuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayefungua dirisha lililovimba kwa unyevu, kisha akainua uso. "Kila niliposema kumejaa sikuwa nasema habari za vyumba. Nilikuwa nasema nakupenda, na kwamba nafasi yangu imechukuliwa na mwingine."