Kwa Nini Anitha Hakai?

Kila asubuhi Anitha alifagia uwanja, akanywa uji wa uwele, kisha akasimama mbele ya Bibi Ruthu akaguliwe kola. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mambo aliyaelewa polepole. Mwaka ule alikuwa akimaliza darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwalimu wake, Raphael, alimtafutia wiki moja ya majaribio kwa Bi Mwantum, mshonaji wa sare za shule pale Chang'ombe. Akifaulu, angeajiriwa kushona vifungo. Asipofaulu, angebaki nyumbani, maana mafundi wengine walishakataa.

Jumatatu alianza vizuri. Vifungo vya shati la kwanza vilikaa sawa, vimekazwa, fundo la uzi limefichwa kwa ndani. Mara mteja akaingia. Anitha akaweka shati, akasimama wima.

"Shikamoo!"

"Marahaba, binti."

Mteja akachukua sare yake, akaenda zake. Anitha bado amesimama.

"Haya mama, endelea na kazi," Bi Mwantum akasema.

Anitha akakitazama kiti, akaokota shati, akashona akiwa amesimama. Vifungo vikaenda upande.

"Wewe, umekuwa nguzo ya umeme?" akacheka Naima, binti aliyekuwa akijifunza cherehani.

Jumanne ikawa vilevile. Jumatano pia.

"Miguu inauma?" Bibi Ruthu alimuuliza jioni, akimkanda kwa maji ya moto.

"Inauma, bibi."

"Sasa mbona hukai, mjukuu wangu?"

"Sijui. Hawajasema."

Bibi hakuelewa. Anitha naye alidhani amepewa adhabu, ila kosa lake halijui.

Alhamisi Bi Mwantum akampigia simu mwalimu. "Mkono wa kazi anao, lakini kutwa kasimama, na kiti anakiona! Mimi nimeshindwa."

Mwalimu akafika. Anitha, bado amesimama, akaweka shati chini. "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaa."

Anitha akakaa papo hapo, akashika sindano.

Bi Mwantum akashika kiuno. "Umemfanyaje?"

Mteja mwingine akaingia, Anitha akainuka tena, na hapo mwalimu akajishika kichwa.

"Kosa ni langu! Darasani mkubwa akiingia, wote husimama mpaka waambiwe wakae. Hapa nani atamwambia?"

Akaketi yeye kwenye kiti kile, shati mkononi. Naima akatoka nje, akaingia kama mteja, mgongo kaupinda.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema bila kuinuka, sindano inaendelea.

"Marahaba, mwanangu. Mbona una mvi kunishinda?"

Wakacheka mpaka Anitha. Ikawa zamu yake. Mara ya kwanza akasimama. Ya pili akainuka nusu. Ya nane akasalimia huku anashona.

Jumamosi alimaliza mashati kumi na mawili, wateja wakiingia na kutoka. Bibi Ruthu alipokuja kumchukua, Bi Mwantum akamwambia, "Jumatatu aje saa mbili. Nimempata fundi wa vifungo."

Mwalimu, aliyekuja na bibi, akasema, "Nilimfundisha kushona, nikasahau kumfundisha kazini kulivyo. Tukiona mtu anafanya tusilolielewa, tusikimbilie kusema hawezi. Tumuulize, tumwonyeshe. Nawe Anitha, ukichanganyikiwa usinyamaze. Uliza."

Anitha akafikiri sana. "Na nikitaka kwenda chooni?"

"Simama uende, mwanangu!" Bi Mwantum akasema. "Usimngoje mtu!"