Turbo ya Gari la Shemeji

Rafiki yangu mmoja, fundi magari, aliunda injini ya mseto: bloku ya gari moja, silinda hedi ya jingine. Turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, aliing'oa kwenye gari lililomuua shemeji yake. Dada yake, mjane, alimsihi, "Kaka, hiyo iache."

Akamcheka. "Kwani mumeo anaihitaji huko aliko?"

Mchana huohuo akajifungia gerejini kusiko na dirisha, akawasha. Turbo ikapiga mluzi mwembamba. Mara umeme ukakatika, giza likamfunika. Akazima injini, akachomoa betri; mluzi haukukoma. Akapapasa, akaifungua turbo ikimbabua vidole, akaitupa sakafuni. Mluzi uleule.

Nje akasikia miguu ikija mbio. Alikuwa dada yake, anacheka kama bibi harusi: "Nimekusikia, mume wangu! Naja!"