Herufi Iliyokatwa

Haya yalimpata Marion, rafiki yangu wa Nakuru, ambaye kwa miaka mitatu alizunguka London peke yake akitafuta vitabu vya kale vya luti, ala ya nyuzi inayofanana na udi wa taarabu. Kila alipoupata wimbo mmoja aliokuwa akiufuatia, ulikuwa umekatika katikati, na bila mwisho wake utafiti wote ungekuwa bure.

Desemba iliyopita mzee Chaman wa Stanmore, pembezoni mwa London, alimpigia simu: marehemu mkewe aliacha kitabu cha namna hiyo.

"Kunywa chai kwanza, binti. Kitabu imengoja miaka mia tatu, itakimbia wapi?" alisema mzee Marion alipofika kwake.

Saa kumi tu, na giza lilikwishaingia. Marion alinakili kwa penseli herufi zinazoonyesha mahali pa kubonyeza nyuzi, mpaka zikakoma katikati ya ukurasa, kama kwingineko. Machozi yakamlenga. Ndipo huko ghorofani nyuzi zikalia polepole, zikiendelea palepale wimbo ulipokatikia. Akaandika alichosikia. Kwa haraka alikosea herufi moja, akaikata kwa mistari miwili, akaendelea hadi kimya kiliporudi.

"Mzee, nani anapiga huko juu?"

"Juu? Tangu Sushila wangu afe, nimefunga hiyo mlango. Hata panya hakuna. Ningefurahi kupata panya."

Marion akainama ili akifunge kitabu. Pale palipokuwa patupu, kwa wino wa kahawia uliofifia, wimbo ulikuwa umekamilika, na herufi moja ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili.