Kilo Sitini na Moja za Baba

Siku kaka yangu alipokufa, nilimkuta baba chooni.

Amekaa palepale alipokalishwa... suruali magotini, taulo begani, mkono mmoja umeshika ukingo wa beseni la kunawia.

Alikuwa amekaa hivyo kwa saa mbili, akimsubiri mtu ambaye hakurudi.

Kaka alikuwa amemwambia anatoka mara moja kufuata wembe dukani, hapo mtaa wa pili tu. Gari la mizigo likamkuta anavuka barabara, si mbali na nyumba.

Mimi nashona mapazia. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye mashine, nikakimbilia hospitali, nikaambiwa alifia palepale barabarani. Nikakaa kwenye benchi la korido sijui kwa muda gani. Ndipo ikanijia...

Baba yuko na nani?

Wapendwa, nilipofungua mlango wa choo hakuniuliza kitu. Alinitazama usoni, akajua.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau sauti ya kaka, na sitaki mengine nayo yapotee.

Baba alipooza upande wa kushoto miaka miwili iliyopita. Tangu hapo kaka ndiye alikuwa mikono na miguu yake. Asubuhi kumtoa kitandani, kumpeleka choo, kumwogesha, kumweka kwenye kiti. Jioni hivyohivyo kurudi. Mimi napika, nafua, nakwenda kazini.

Baada ya mazishi familia ilikaa kikao. Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alizungumza kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza zaidi. Alisema huko kwake kuna nyumba ya kulea wagonjwa, safi, ina wauguzi. Alisema mimi bado kijana, nina maisha yangu.

"Nitambeba mimi," nikasema.

Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mwanangu, wewe upepo ukivuma tunakushika. Utambeba nani?"

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta.

Basi tukapewa miezi mitatu. Jirani yetu, fundi baiskeli, akakubali kuja asubuhi na jioni kumnyanyua baba kwa muda huo. Naye mgongo wake mbovu, kila akimaliza anajishika kiuno. Baada ya hapo, kama sijaweza, baba mdogo anakuja na gari.

Nilimpima baba kwenye mizani ya zahanati. Kilo sitini na moja.

Mimi nilikuwa arobaini na nane.

Jimu ya mtaani kwetu ni chumba kirefu kilichokuwa stoo ya mbao. Kioo kimoja kimepasuka pembeni, vyuma vimepangwa ukutani, kunanuka jasho na dawa ya kuchua. Kaka alikuwa akienda pale. Mwalimu wa pale wanamwita Bonge, ingawa ni mwembamba kama mimi. Nikamwambia nataka kunyanyua kilo sitini na moja ndani ya miezi mitatu.

Hakunicheka. Alinipa ufagio.

Wiki nzima nimenyanyua ufagio! Wenzangu wamebeba vyuma mpaka vinapinda, mimi nachuchumaa na mpini begani. Jamaa mmoja mwenye shingo kama gogo akasema nikimaliza kufagia hapo nipite na kwake.

Bonge akaniambia nimwache, jamaa huyo naye alianza na ufagio huohuo, na alilia.

Wiki ya pili nikapewa chuma kitupu, bila sahani hata moja ya uzito pembeni. Kilo ishirini. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipojaribu kukitoa chini.

Bonge akawa ananielekeza. Miguu upana wa mabega. Kifua mbele. Vuta pumzi ujaze tumbo, ishike, sukuma sakafu kwa visigino. Chuma kipande juu kikiwa karibu na mapaja, kisiwe mbali. Ukiona mgongo unajikunja, shusha, hakuna anayekukimbiza.

Mimi mgongo ulikuwa unajikunja kila mara. Miaka saba kwenye mashine ya kushona, shingo yangu inajua kutazama chini tu.

"Dada," Bonge akaniambia, "acha kutazama mshono. Tazama ukutani mbele yako."

Nikajifunza kutazama ukutani.

Kila wiki tuliongeza kilo tano, wakati mwingine mbili na nusu. Kama sikunyanyua vizuri, hatuongezi. Siku moja kazi, siku moja kupumzika. Siku ya kupumzika nikaja kwa kuiba, akanirudisha mlangoni. Alisema mwili unajengeka ukiwa umelala, pale jimu tunaubomoa tu.

Viganja vikachubuka, vikaota sugu. Hariri ikawa inanasa kwenye vidole nikishona. Usiniulize mapaja... kuna siku nilishuka ngazi za kazini kinyumenyume.

Na kila nikirudi namwambia baba. Leo thelathini. Leo arobaini. Leo hamsini na mbili na nusu. Namwambia kama mtoto anayeleta matokeo ya mtihani.

Anatikisa kichwa, anageukia ukutani.

Nikajua ni msiba. Nani asingekuwa hivyo?

Wiki ya kumi na mbili nilinyanyua kilo sitini na mbili na nusu. Mara tatu. Yule wa shingo kama gogo akapiga makofi peke yake.

Bonge ndiye hakufurahi.

"Chuma kina pa kushika," akasema. "Baba utamshika wapi? Kaka yako alikuwa anamnyanyuaje?"

Ndugu zangu, miaka miwili sikuwahi kuona. Baba akitaka kuvuliwa nguo mimi nilikuwa natoka. Ni baba yangu, mimi ni binti yake, ningebakije? Nilikuwa nakaa jikoni na kusikia mtu anaguna chumbani, namwonea huruma kaka.

Bonge akasema nimuulize baba mwenyewe. Nikaona aibu. Zimebaki siku sita baba mdogo aje, nikaona nguvu ninazo, kilichobaki ni kunyanyua.

Jumapili asubuhi nikamwambia fundi baiskeli asije.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikasimama mbele yake, nikapanua miguu, nikachuchumaa. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikajaza pumzi tumboni, nikatazama ukutani, nikasukuma sakafu.

Alitoka kitandani kama robota la pazia lililolowa. Hakuna kilichokaza. Kichwa huku, mikono kule. Nusu ya njia akaniteleza, na mimi nikaona ni afadhali nianguke mimi, aangukie juu yangu.

Tukaanguka.

Kiwiko changu kilipiga sakafu. Baba hakuumia. Tukabaki pale chini, mimi bado nimemkumbatia, nalia kwa hasira.

"Baba, ungenisaidia hata kidogo."

Nikasikia kifua chake kinatikisika. Baba yangu, ambaye hakulia hata kaburini, alikuwa analia.

"Kaka yako hakuwahi kunibeba," akasema.

Sikuelewa.

"Hakuwahi. Alikuwa anashika mkanda wangu hapa kiunoni, anahesabu mpaka tatu. Nasimama mwenyewe."

"Mbona nilikuwa namsikia anaguna?"

"Nilikuwa naguna mimi."

Akanieleza yote tukiwa tumelala sakafuni hivyohivyo. Kaka alichokuwa anajifunza jimu, akija nyumbani anamfundisha baba. Ilichukua zaidi ya mwaka. Wakanificha. Walitaka siku moja nirudi kutoka kazini, nigonge, nifunguliwe mlango na baba.

Nikauliza kwa nini hakusema. Miezi mitatu! Jirani anavunjika mgongo, mimi nachubuka mikono, baba mdogo anakuja na gari.

"Siku ile chooni," akasema, "nilisikia breki."

Nikaacha kulia.

"Nikasikia watu wanapiga kelele. Beseni nilikuwa nimelishika. Ningesimama. Dirisha liko palepale. Nikaogopa nitakachokiona, nikakaa. Saa mbili, mwanangu. Nimekaa saa mbili, na kusimama naweza."

Nikamwambia hospitali walisema alifia palepale. Hata angesimama, hata angeita, hakuna ambacho kingebadilika.

"Najua," akasema. "Lakini sikusimama."

Kumbe tangu siku ile alikuwa ameamua. Mguu ambao haukusimama kwa ajili ya mwanawe hautasimama tena kwa ajili ya mtu mwingine. Wampeleke popote.

Sitawadanganya, nilikasirika. Nilitaka kutoka nimwache palepale chini. Kisha nikaona mkono wake wa kulia umeshika mguu wa kitanda, umeshika kweli, vidole vimekaza mpaka vimekuwa vyeupe.

Nikaenda kwenye mfuko wangu wa kazi, nikachukua utepe mgumu wa kushonea mapazia, nikamzungushia kiunoni mara tatu, nikafunga fundo. Nikavuta kigoda karibu.

"Baba, mimi nahesabu."

"Mguu umelala, mwanangu. Miezi mitatu."

"Hata mimi nilianza na ufagio."

Mara ya kwanza hakuinuka. Mara ya pili akafika kwenye kigoda, akakaa, akapumua kama aliyepanda mlima. Mara ya tatu nikachuchumaa mbele yake, nikashika utepe, nikahesabu. Safari hii uzito haukuja wote kwangu. Ulikuja kidogo, mwingine ukabaki kwake. Alisimama mpaka hesabu ya nne, akatua kitandani.

Aliguna, wapendwa. Ni mguno uleule niliokuwa nausikia nikiwa jikoni. Nikatoka uani, nikalia mpaka nikasikia ananiita.

Jumamosi baba mdogo alikuja. Baba alimwonyesha hesabu nne zake. Baba mdogo akavua miwani, akaifuta, akaomba maji. Aliondoka na gari tupu.

Wewe unayesoma na una mgonjwa nyumbani... kabla hujamnyanyua, muulize anaweza nini. Na usione aibu kuuliza, mimi aibu ilinigharimu miezi mitatu ya baba yangu. Na kama wewe ndiye unayebebwa, na kuna jambo umelikalia moyoni, liseme. Anayekubeba anabeba na hilo pia, hata kama halijui.

Kaka, nisamehe. Nilikuwa nakuonea huruma kumbe mlikuwa mnafurahi.

Sasa nakwenda jimu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Baba anasimama mara tano asubuhi na mara tano jioni. Wiki hii amefika hesabu ya tisa, na goti la kushoto bado linatetemeka.