Ndiyo Maana Yake Tutoke

Wiki hiyo kila mteja wa fundi cherehani aliondoka na nguo yake, na mahubiri ya bure juu yake.

"Siku ya kura ya maoni, tia alama kwenye Ndiyo," fundi alisema, pini zikiwa mdomoni. "Tubaki kwenye Jumuiya. Vitambaa vyangu vinatoka ng'ambo ya mpaka bila ushuru. Tukijitoa, nitafunga duka."

Chama chake, chama cha Taa, kilitaka nchi ibaki. Kwenye mikutano watu waliulizwa, "Jumuiya?" Wakajibu, "Ndiyo!" Sauti ya fundi ilizidi zote. Kunong'ona hakukujua.

Mumewe, seremala, alikuwa wa chama cha Jembe. Chama hicho kilitaka nchi ijitoe. Vitanda vya bei rahisi kutoka ng'ambo vilikuwa vinamnyima kazi. Lakini wiki hiyo alikuwa mpole ajabu. Alimsikiliza mkewe, akatabasamu, akaendelea na kazi.

Siku moja jirani yao alikuja kuchukua sketi. Kazi yake ilikuwa kutoa elimu kwa wapiga kura. Naye akapewa mahubiri.

"Mama Mapacha, swali lenyewe umelisoma?"

"La nini? Najua ninachotaka."

Jirani akatoa karatasi ya mfano. Fundi akatoa pini mdomoni, akasoma polepole: "Je, unakubali nchi yetu ijitoe katika Jumuiya? Ndiyo. Hapana."

Akalifuata swali tena kwa kidole.

"Kwa hiyo Ndiyo ni..."

"Ni kutoka. Anayetaka tubaki anatia alama kwenye Hapana."

"Na picha ya taa iko wapi?"

"Haipo. Hapa vyama havigombei. Taa wanasema tubaki, Jembe wanasema tutoke, Mizani wamewaachia wanachama wao waamue. Wote wanashauri tu. Wa kujibu ni wewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema swali lisomwe. Kura yangu ni siri yangu."

Fundi akamgeukia mumewe, aliyekuwa akipiga randa ubao mlangoni.

"Baba Mapacha! Ulijua?"

Randa ikasita. "Nilijua."

"Ukaniacha niwapigie debe Jembe mtaa mzima?"

"Ulikuwa unafanya kazi nzuri, mke wangu. Ningekukatiza vipi?"

Jirani alicheka hadi akakaa. Fundi hakucheka. Aliumia.

"Kushindwa nitakubali," alisema. "Kujishinda kwa mkono wangu mwenyewe, sikubali."

Seremala akaweka randa chini. Aliona haya. "Nimekukosea," alisema. "Twende tukawaambie."

Wakapita kwa wateja wote. Fundi alieleza kosa lake bila kuficha. Seremala alisoma swali, hakuongeza neno.

Siku ya kura, fundi alisoma swali mara mbili. Akatia alama kwenye Hapana, akatoka kifua mbele. Mumewe alikuwa akimngoja nje.

"Umejibu ulichotaka?"

"Nilichotaka hasa. Na wewe?"

"Na mimi."

"Basi kura yangu imeifuta yako," alisema fundi, akimshika mkono. "Na safari hii nimekusudia."