Dawa ya Ndago

Kila asubuhi ya likizo ilikuwa hivyohivyo. Mjomba, ambaye alikuwa seremala, alikunywa chai amesimama, akachukua msumeno wake na kuondoka. Mkewe, muuguzi wa zamu ya usiku, alirudi macho yakimlemea, akajitupa kitandani. Nyumba ikanyamaza. Binti akabaki peke yake na kazi yake: kung'oa magugu ya ndago kwenye ukoka wa mbele ya nyumba na kumwagilia tuta la mchicha lililokuwa kando.

Aliishi kwa mjomba tangu mama yake alipopata kazi mji wa mbali. Watoto wa mtaa ule walimwita Mgeni. Walipocheza mpira barabarani, aliwachungulia kwenye nafasi za ua, akingoja mmoja wao amwite acheze. Hakuna aliyemwita.

Ndago ilimchosha. Aliivuta, majani yakakatika, kiazi chake kikabaki ardhini. Hazikupita siku nyingi ikachipua tena, kama inamcheka.

"Mjomba ataona sifanyi kitu," aliwaza. "Atanichoka."

Siku moja alikuta stoo chupa ya dawa ya kuua magugu, iliyoachwa na wapangaji waliotangulia. Karatasi yake ilikuwa imechanika, maelezo hayasomeki. Alitamani kumwuliza mtu. Alichungulia chumbani, Anti, mke wa mjomba, alikuwa anakoroma. Basi akachanganya dawa na maji kwenye kopo, akachovya fagio na kurashia nyasi, mikono mitupu. Upepo ukavuma. Matone yakamrukia machoni, mengine yakaangukia mchicha.

Kesho yake jioni ukoka ulikuwa na mabaka ya njano, na macho yalimwasha. Alipoingia ndani alikuta wali na mboga vimeandaliwa.

"Mchicha wa kwetu huo," alisema Anti kwa furaha. "Una mkono mzuri, mwanangu. Tazama ulivyostawi!"

Binti aliyakumbuka yale matone. Akisema, watamrudisha, na pa kurudi hapakuwapo. Mjomba alichota, akapeleka kijiko kinywani.

"Mjomba, usile!"

Kijiko kikabaki hewani. Binti akaeleza yote, kwikwi zikimkatiza.

"Wewe umekula?" aliuliza Anti.

"Bado."

Anti aliinuka upesi. Alimshika mkono hadi bombani, akamwosha macho kwa maji mengi na mikono kwa sabuni. Chakula chote kikatupwa. Asubuhi bwana shamba, aliyeitwa na Mjomba, alikuja amevaa glavu, akaichukua ile chupa, akang'oa mchicha wote na kuwakataza kukanyaga au kupanda pale mpaka awaruhusu.

Alipoondoka, Mjomba akamgeukia binti. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningemwuliza nani? Wewe uko kazini. Anti amelala."

Mjomba aliuweka msumeno chini. Siku ile alichelewa kwenda kazini.

Bwana shamba alipowaruhusu, Mjomba alianza kubaki nyumbani kila Jumamosi. Walichimba ndago baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ili itoke na kiazi chake. Maganda ya jikoni na majani makavu waliyarundika nyuma ya nyumba yaoze yawe mboji. Ukoka waliuacha urefuke kidogo ufunike ardhi.

"Ukiunyoa kipara, jua linaingia na ndago inafurahi," alisema Mjomba, akijipapasa kichwa. "Mimi najua shida za kipara."

Binti alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Mabaka yalifunikwa polepole. Siku walipopanda mchicha mpya, Mjomba aliketi ukingoni mwa tuta, akajifuta jasho.

"Sumu ile ingeua zaidi ya magugu," alisema. "Kazi ya mikono inachelewa, lakini haimdhuru anayekula. Tena sikia, mwanangu. Usipojua, uliza. Nifuate karakana, mwamshe Anti wako. Swali lako halituudhi. Kimya chako ndicho nusura kitumalize. Na mimi nilikosea, nilikuachia kazi bila kukaa nawe."

Binti aliinamisha kichwa. Mdudu mmoja wa kijani, mwenye madoa mekundu, alikuwa akipanda kidoleni mwake.

"Mjomba, huyu anaitwaje? Anakula mchicha?"

Mjomba alimtazama mdudu kwa muda mrefu, akimgeuza huku na huku.

"Hata mimi simjui," alisema, akisimama. "Twende tukamwamshe Anti."